Maelezo ya apdeti mnaandikaje? Mweka hazina wa watu kaitwa mwizi kwa sababu yangu

fundi_singida
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, naomba mnisaidie hasa nyie mliozoea kutoa apu Play Store.

Tuko watatu, tunatengeneza apu ya vikoba. Katibu na mweka hazina wanaandika humo hisa, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii badala ya lile daftari kubwa la jalada gumu. Vikundi vyetu vingi viko vijijini huku Singida na Dodoma, simu ni za kawaida tu, na kikao kikifika watu wote wanainamia kioo kimoja.

Mwezi uliopita tukatoa toleo jipya. Ndani yake kulikuwa na kitu ambacho kwetu kilikuwa kidogo sana: zamani faini za kuchelewa kikao zilikuwa zinajumlishwa ndani ya mfuko wa jamii, watu wakaomba zitenganishwe, tukazitenganisha. Kwenye maelezo ya apdeti mimi mwenyewe usiku saa sita nikaandika "Marekebisho ya hitilafu na maboresho ya utendaji", nikabonyeza, nikalala.

Jumamosi kikundi kimoja wamekaa, mama mweka hazina kafungua simu mbele ya watu. Wiki iliyopita mfuko wa jamii ulisoma 212,500 leo unasoma 174,500. Elfu thelathini na nane haipo. Anasema aliifunga apu akaifungua tena mara tatu, akaipangusa kioo na kitenge kabisa kama vile namba imefichwa na vumbi, namba ni ileile. Wanachama ishirini na tano wanamtazama na mmoja akasema "tulijua tu". Zile faini zilikuwepo, elfu 38 kamili, chini ya ukurasa uleule lakini mpaka ushushe, na hakuna aliyemwambia ashushe. Nilimwelekeza kwa simu kesho yake asubuhi, kikundi wakaona, wakamwomba radhi. Lakini usiku ule yule mama alilala kwake akiwa mwizi kwa sababu ya sentensi yangu moja niliyoinakili tu kutoka kwenye apu za watu wengine.

Sasa naomba mniambie ukweli. Mnaandika nini pale? Kwa Kiswahili au Kiingereza? Na kama simu inajisasisha yenyewe usiku, nani anasoma?

---

bandari_ya_kale
Pole sana ndugu yangu, na huyo mama mpe pole zetu kutoka huku Mombasa.

Nianze na hilo la mwisho maana ndilo zito. Kweli wengi hawasomi kule dukani, simu ikipata waifai yajisasisha tu, mtu aja kushtukia sura imebadilika. Kwa hivyo sisi twaandika mara mbili. Ya kwanza ya Play Store, ambayo mwisho wake ni herufi 500 kwa kila lugha, ukizidisha yakataa. Ya pili ni ndani ya apu yenyewe: mtu akifungua mara ya kwanza baada ya apdeti atokewa na karatasi fupi yenye mistari mitatu na kitufe cha "Nimeelewa". Kazi yake si ngumu, unahifadhi kwenye simu ile namba ya toleo alilokuwa nalo, akifungua unalinganisha na ya sasa, ikiwa ya zamani ni ndogo unamwonyesha. Yule aliyeinstoli leo kwa mara ya kwanza usimwonyeshe, yeye hajui zamani ilikuwaje utamchanganya bure. Na kama kilichobadilika ni hesabu usiiweke karatasi hiyo mlangoni tu, weka mstari mmoja palepale karibu na namba iliyobadilika, ukae hata mwezi mzima.

App Store, lile duka la apu za iPhone, waruhusu herufi 4000 lakini usijazie, mtu aona mistari michache ya juu tu mpaka aguse aone iliyobaki, na wagusao ni wachache. Pia Apple kwenye masharti yao, kifungu cha 2.3.12, wasema marekebisho madogo ya kawaida yaweza kupita na maelezo ya jumla lakini mabadiliko makubwa lazima yatajwe. Kwa hivyo ile sentensi yako hata kwao isingefaa kwa badiliko la hesabu.

La pili: acha kuandika usiku wa kutoa. Saa sita ya usiku mtu hana maneno, ana usingizi. Mimi nina faili moja pembeni, kila nikimaliza kubadilisha kitu siku hiyohiyo naandika sentensi moja ya kumwambia mtumiaji. Siku ya kutoa nafuta zisizomhusu, nabaki na tatu au nne. Usichukue meseji za Git, zile fundi aandikazo kila akibadilisha msimbo, ukazimwaga pale, zile mwaandikiana nyinyi wenyewe mafundi.

La tatu, mwaachia kwa watu wote kwa mpigo? Play Console, ule ukurasa wa mafundi wa kutolea apu Play Store, yaruhusu kuanza na asilimia ndogo halafu ukaongeza, na ukiona mambo mabaya wasimamisha, ingawa waliokwisha pata wabaki nayo. Apple wana ngazi zao za siku saba, asilimia 1, 2, 5, 10, 20, 50 hadi 100.

---

dada_wa_simu
Kaka fundi pole. Mimi sio developa, napokea simu za wateja kwenye kampuni inayotengeneza mfumo wa maduka, niko Arusha, mwaka wa nne sasa. Maelezo ya apdeti yetu naandika mimi. Zamani walikuwa wanaandika mafundi, siku ya apdeti nilikuwa sili mchana.

Ninachokuomba ni kimoja, andika kwa maneno ya anayekupigia. Hakuna mtu amewahi kunipigia akasema "kuna hitilafu ya utendaji". Wanasema inagoma. Inaganda. Inazunguka tu. Inanitoa nje. Inakula bando. Imeninyima risiti. Na hayo maneno sio sawasawa, kila moja lina ugonjwa wake, mtu akisema "inanitoa nje" najua imejifunga yenyewe au imemrudisha kwenye namba ya siri, akisema "inazunguka" najua ni mtandao au seva, akisema "inagoma" basi kabonyeza na hakuna kilichotokea. Nina daftari la mistari hapa mezani, kila simu naandika neno lake kama lilivyotoka. Apdeti ikija namuuliza fundi umetibu nini, akiniambia natafuta kwenye daftari watu walikuwa wanakiitaje, naandika hivyohivyo. "Ukibonyeza Uza wakati mtandao uko chini apu ilikuwa inazunguka bila mwisho. Sasa itahifadhi mauzo na kuyatuma mtandao ukirudi." Mtu akisoma anasema hee huyu ananisema mimi.

Na majina ya vitufe andika kama yalivyo kwenye kioo, herufi kwa herufi. Kwako kama kitufe kinasema "Mfuko wa jamii" usiandike "hazina ya kijamii" ukifikiri unapamba.

Pesa iwe ya kwanza siku zote. Badiliko lolote linalofanya namba ya pesa ionekane tofauti na jana, hata kama ni nukta tu imehama, linakaa mstari wa kwanza. Kuna siku tulibadilisha 15000 ikawa inaandikwa 15,000.00 basi nilipokea simu mpaka sauti ikakauka, watu waliona ni milioni moja na laki tano.

---

sauti_ya_katibu
Mimi ni katibu wa kikundi, Muheza huku, natumia apu ya aina hiyo (sijui kama ni yenu). Naongea kama mtumiaji.

Kabla ya kusasisha nina maswali mawili tu, mengine yote baadaye. Daftari langu litabaki? Na itakula MB ngapi? Bando la wiki la kikundi tunachanga, mimi siwezi kuchoma lote siku moja halafu Jumapili nashindwa kutuma ripoti. Ukiniandikia "kumbukumbu zako zitabaki" hapo nasasisha kwa amani. Usiponiandikia naogopa, namwachia kijana wangu akija likizo.

Halafu msitoe apdeti siku moja kabla ya vikao jamani. Vikundi vingi vinakaa Jumamosi na Jumapili, toeni Jumatatu tupate wiki nzima ya kuzoea. Na ikifika wakati wa mgao wa mwisho wa mwaka msiguse kabisa chochote. Siku ya kuvunja kikoba watu wana roho mkononi, hata kitufe kikibadilika rangi wanauliza nani kabadilisha.

Kingine kuna apu ilikuja kutuambia kwamba haitafanya kazi kwenye simu za zamani, ila maelezo tukayasoma kwenye simu mpya ya mtu mwingine. Kwenye yetu hayakufika.

---

bandari_ya_kale
Ndugu katibu hapo umegusa kitu ambacho mafundi wengi twasahau. Toleo jipya likidai Android ya juu zaidi, Play Store hailipeleki kabisa kwenye simu ya zamani, kwa hivyo maelezo yake pia hayafiki kule. Tangazo la kwamba mwaachwa nyuma lazima liwe kwenye toleo la mwisho ambalo simu ya zamani bado yaweza kulipata. Liandikwe mapema, na tarehe, na njia ya kutoa kumbukumbu zao.

---

mwalimu_wa_mtaa
Samahani bandari_ya_kale, nakubaliana na mengi ila hilo la kuachia kwa asilimia kwa apu ya vikoba mimi naliogopa. Fikiria katibu ana simu yake na mweka hazina ana yake, wote wana apu. Mmoja yumo kwenye ile asilimia 10 mwingine hayumo. Wanafika kikaoni, huyu anasoma 174,500 yule anasoma 212,500. Hapo maelezo mazuri hata yawe ya dhahabu hayasaidii, umewagombanisha wewe.

---

bandari_ya_kale
Kweli kabisa, sikuliwaza hilo la simu mbili, ahsante. Basi kwa badiliko la hesabu ifanyike hivi: toleo jipya laingia kidogo kidogo likiwa na hesabu ya zamani na mpya zote mbili ndani, lakini mpya imefungwa. Wakishapata wote wa kikundi kimoja, seva yafungua kwa kikundi kizima siku moja, na hapo ndipo karatasi ya maelezo yatokea kwenye kila simu. Maelezo yasitokee siku ya kuinstoli, yatokee siku ya kubadilika. Hata kule Play Store waandika "kuanzia tarehe fulani" badala ya "sasa".

---

bibi_kamusi
Assalam aleikum nyote. Kazi yangu ni kufasiri, nipo Unguja, na maandishi ya simu nimeyafasiri mengi. Nataka kusema juu ya Kiswahili chenyewe.

Ile sentensi "marekebisho ya hitilafu na maboresho ya utendaji" si Kiswahili kibaya kwa sarufi. Ubaya wake haina mtu ndani. Nani karekebisha? Karekebisha nini? Nani kafaidika? Imejaa majina ya vitendo, vitendo vyenyewe havimo. Ukitaka kuivunja tumia kitenzi na umtaje mtendaji: "Tumerekebisha", "Tumehamisha", "Tumeondoa", na upande wa pili "utaona", "utakuta", "huna haja ya". Hapo tayari mna watu wawili wanaozungumza.

Na pale mlipokosea nyinyi semeni tumekosea. Nimeona watu wakiandika "baadhi ya watumiaji huenda walikumbana na changamoto". Hapana. "Toleo lililopita lilihesabu riba mara mbili kwa mikopo iliyolipwa kabla ya siku. Kosa lilikuwa letu. Tumelirekebisha na hesabu zenu zimerudi sawa." Aliyetiliwa shaka na wenzake anahitaji maandishi hayo ayaonyeshe. Yule mama wa Singida lau angekuwa na mstari mmoja kama huo mkononi asingelala vile.

Kwa jambo moja tu ningeweka kizuizi. Ikiwa mmeziba tundu la usalama, msieleze tundu lilikuwa wapi na linaingiwaje wakati watu hawajasasisha, mtampa mwizi ramani. Semeni "toleo hili linaimarisha usalama wa akaunti yako, tafadhali sasisha mapema", maelezo kamili yaje baadaye.

Kuhusu lugha: Play Store unaweka Kiswahili chini ya alama ya sw na Kiingereza chini ya yake. Lakini watu wengi wetu simu zimewekwa Kiingereza tangu dukani na hawajabadilisha, ingawa wao wenyewe wanasoma Kiswahili. Kwa hivyo mstari ule muhimu wa pesa mimi huuweka kwa Kiswahili hata ndani ya sehemu ya Kiingereza. Wapo watakaosema si nadhifu, mimi nimechagua ueleweke.

---

fundi_singida
Nimesoma zote mara mbili, asanteni sana. Dada wa simu lile daftari lako la maneno nimelianza leo asubuhi, nina kurasa mbili tayari. Inayoongoza ni "haioni hela", kumbe wanamaanisha marejesho yaliyotumwa kwa simu hayajaingia kwenye jina la mtu. Sisi mle ndani tulikuwa tunaita "kuoanisha miamala".

Tunatoa toleo dogo Jumatatu kwa ajili ya kuweka mambo sawa. Nimeandika hivi, naomba mnisahihishe:

> Mfuko wa jamii na Faini sasa utaviona kila kimoja peke yake. Zamani faini zilijumlishwa ndani ya mfuko. Toleo lililopita tulizitenganisha bila kuwaambia, kosa letu. Ukiona mfuko umepungua, gusa Faini, kiasi hicho utakikuta hapo. Hakuna pesa iliyopotea.
> Ripoti ya kikao ilikuwa inagoma kufunguka kwenye simu za Android 8. Sasa inafunguka.
> Ukisasisha, kumbukumbu za kikundi zinabaki zilivyo.

Haifiki herufi 500, nimehesabu.

---

dada_wa_simu
Nzuri sana. Badilisha mpangilio tu, "Hakuna pesa iliyopotea" iwe ya kwanza kabisa kabla hujaeleza chochote. Mtu mwenye hofu hasomi mpaka mwisho, anasoma mpaka pale hofu inapoishia.

---

bibi_kamusi
"Utaviona kila kimoja peke yake" sawa, ila "Mfuko wa jamii na Faini" viwe na alama za kunukuu maana ni majina ya sehemu kwenye kioo, msomaji asidhani ni maneno ya kawaida. Hiyo "kosa letu" iacheni kama ilivyo, msiipunguze.

---

sauti_ya_katibu
Mimi nimeelewa kwa kusoma mara moja. MB ngapi?

---

fundi_singida
Katibu, ukubwa Play Store yenyewe inauonyesha lakini nimeongeza kwenye karatasi ya ndani ya toleo hili, kwamba apdeti ijayo tutawaambia wiki moja kabla ili mjipange na bando.

Jana jioni nilimpigia yule mama mweka hazina, nikamwomba ruhusa nimsomee kabla sijaweka. Nikasoma taratibu, alikuwa anapika nasikia mwiko kwenye sufuria. Nilipofika "kumbukumbu za kikundi zinabaki zilivyo" akanisimamisha akauliza kumbukumbu zipi, za picha? Nikamwambia hapana, hisa, mikopo, na yale yote mnayoandika. Akasema "Si useme daftari". Nimebadilisha, sasa inasomeka "Ukisasisha, daftari la kikundi linabaki lilivyo."

Halafu akaniomba hiyo karatasi ya ndani isipotee mtu akishabonyeza "Nimeelewa", iwe na mahali inakaa, maana anataka Jumamosi aifungue mbele ya wote asomewe na katibu kwa sauti. Tumeiweka kwenye Mipangilio, sehemu inaitwa "Yaliyobadilika", na tarehe ya kila toleo. Mwenzangu ndiyo anaimalizia sasa hivi.